Lupita hakuokotwa njiani

Dada yangu, umeuliza mwigizaji Lupita Nyong'o alianzia wapi, maana binti yako anataka kuigiza na wewe unaona waigizaji waliofika mbali wamebahatika tu. Si bahati pekee. Alizaliwa Mexico mwaka 1983, baba yake Profesa Anyang' Nyong'o alipokuwa akisomesha huko, akalelewa Kenya. Akiwa na miaka 14 alishacheza Juliet, katika tamthilia ya Romeo na Juliet, jukwaani Nairobi.

Khasa sehemu ya kumsimulia binti ni hii: filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, Lupita hakuwa mbele ya kamera. Alikuwa msaidizi tu, wa kutumwa huku na kule. Hapo ndipo alipomwambia Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, kwamba anataka kuigiza, naye akamjibu aifanye kazi hiyo iwapo tu hawezi kuishi bila yake. Baadaye akaigiza katika Shuga, tamthilia ya televisheni, akaongoza filamu yake kuhusu watu wenye ualbino, kisha akenda kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Alimaliza 2012. Machi 2014 akabeba tuzo ya Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave.

Kwa hivyo usimkataze, na skuli asiiache. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ikifika mpeleke Ngome Kongwe, asiishie kutazama filamu. Awafuate waongozaji, aulize, aombe kazi hata ya kubeba waya. Wewe fuatana naye siku za mwanzo, roho yako itulie.