Uliza Tukujibu: Sprint car za kila wiki, nihamie Pennsylvania au Iowa?

SWALI: Kaka mjibu, salama? Mimi mtu wa Tanga, naendesha trela huku Columbus, Ohio. Mwaka jana jamaa wa kazini alinipeleka uwanja wa Attica Ijumaa moja kuangalia zile sprint car, gari fupi za mbio za udongo zenye bawa kubwa juu, tangu siku hiyo hata mpira sina hamu nao. Sasa kampuni imetoa nafasi kwenye yadi tatu, Harrisburg (Pennsylvania), Des Moines (Iowa) na Indianapolis (Indiana), na mimi sina familia huku kwa hiyo pa kuhamia najichagulia mwenyewe. Wikendi nakuwa nyumbani. Ukiwauliza hawa Wamarekani kila mtu anavutia kwao, wa Iowa anasema bila uwanja wao wa Knoxville hakuna sprint car, wa Pennsylvania hilo jina hataki hata kulisikia. Wewe ungehamia wapi kwa mbio za kila wiki? Na je Ohio niondoke kweli?
*Dereva wa Trela, Columbus*

JIBU: Harrisburg, kaka. Nalitoa jibu mapema usije ukasoma roho ikiwa juu, sasa nikwambie kwa nini, maana wale jamaa zako wote wana hoja ila wanajibu swali ambalo wewe hukuuliza.

Umeuliza za kila wiki. Hapo ndo watu wanachanganya mambo. Mtu wa Iowa akikutajia Knoxville kichwani ana Knoxville Nationals, ile mbio kubwa ya Agosti iliyoanza 1961, ambayo dereva Steve Kinser kaichukua mara 12 na Donny Schatz mara 11. Na mtu wa Ohio akitaka kukunyamazisha anakutajia Eldora, uwanja wa dereva maarufu Tony Stewart, na mbio yake ya Kings Royal. Sawa, ni mbio kubwa hizo, ukipata nafasi nenda tena nenda mapema. Lakini Eldora sprint car zinakuja kwa matukio maalumu halafu zinaondoka, na Nationals ni siku chache tu ndani ya mwaka mzima. Wewe unataka Ijumaa upaki trela, uoge, ule, na ujue unaelekea wapi, na Jumamosi hivyo hivyo, na wiki ijayo hivyo hivyo.

Kwa hilo Pennsylvania ya kati sioni wa kushindana nayo. Ijumaa usiku ni Williams Grove, pale Mechanicsburg, kutoka Harrisburg hata nusu saa haifiki kama barabara haijafunga. Uwanja wa nusu maili, straiti (ile sehemu iliyonyooka) ndefu, upo tangu 1939, na jirani yake kuna mabaki ya bustani ya pembea iliyofungwa 2005. Jumamosi sasa unachagua, ama Lincoln kule Abbottstown, kiwanja kifupi cha kama mita 600 ambapo gari zinabanana mpaka unashika kichwa, ama Port Royal, nusu maili nyingine, ndani ya viwanja vya maonyesho ya kilimo. Kuna Selinsgrove na BAPS pia, hizo ratiba yake ya sprint car inarukaruka lakini zinaziba mapengo. Vyote hivyo unafika kwa mwendo wa saa moja hivi, na wewe uliyeshinda wiki nzima kwenye usukani hilo sio jambo dogo.

Na hizo ni 410, kaka. Kwa wasomaji wengine ambao hawajui, 410 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, yaani kama lita 6.7, inakunywa methanoli na inatoa nguvu farasi kama 900 kwenye gari lenye kilo mia sita na kitu dereva akiwa ndani. Injini moja ni makumi ya maelfu ya dola, ndo maana sehemu nyingi za Marekani, California kwa mfano, ukienda wiki ya kawaida utakuta zaidi 360 au 305. Sio mbaya hizo, ila ukishaizoea 410 sikio lako lenyewe litakwambia. Pennsylvania ni 410 Ijumaa, 410 Jumamosi, na siku hiyo ya Jumamosi viwanja viwili vinagombania madereva walewale.

Halafu hao madereva wenyewe. World of Outlaws ni msafara wa taifa ulioanza 1978, wanazunguka nchi nzima na kwingine kote wakiingia wenyeji wanajua leo tunapigania nafasi ya sita. Wakifika Williams Grove hali ni nyingine, wanakutana na kundi linaloitwa Pennsylvania Posse, na Posse wanawapiga. Lance Dewease kashinda hapo Williams Grove peke yake zaidi ya mara 100. Kuna Danny Dietrich, kuna Anthony Macri, kuna Freddie Rahmer ambaye baba yake Fred naye alikuwa mbabe wa viwanja hivihivi na kuna mashabiki mpaka leo bado wana kinyongo naye. Sasa fikiria, watu wa aina hii ndo unaowaangalia Ijumaa ya kawaida isiyo na jina, kwa tiketi ya kawaida, na mbele yako kakaa mzee ambaye anakuja tangu yuko kijana na anamzomea dereva kwa jina kabisa kama anamdai.

Kingine ni urefu wa msimu. Lincoln inaweza kufungua hata Februari, baridi ile unakaa na blanketi, na mbio zinaendelea mpaka Oktoba. Knoxville inaanza Aprili na ikishapita Agosti wiki za kawaida zimekwisha. Mvua ya masika itakukatisha tamaa Pennsylvania, hilo nakuonya, udongo ukilowa sana hawakimbii, unaweza kupoteza wiki mbili mfululizo huku jua limewaka Jumatano nzima.

Haya, Des Moines. Nisiwe mchoyo, ungeniambia nichague uwanja mmoja tu wa kukaa nao maisha ningesema Knoxville bila kufikiri. Ni kama kilomita 65 kutoka Des Moines, makumbusho ya sprint car ya taifa yapo hapohapo uwanjani, na ule udongo wake mweusi ni kitu kingine. Jioni unapoanza umemwagiwa maji unanata, gari zote zinapita chini na raundi moja ya nusu maili haifiki sekunde 16, hapo ni wastani wa kilomita 180 na kitu kwa saa kwenye uwanja wa duara. Baadaye chini panakauka panang'aa kama sakafu iliyosuguliwa, udongo uliolegea unasukumwa juu karibu na ukuta unajenga tuta, na dereva mwenye moyo anaenda kuegemeza tairi la nyuma la kulia kwenye lile tuta anakanyaga mafuta asiachie. Akilikosa kwa kiasi cha kiganja anaugusa ukuta. Angalia lile tairi la kulia lilivyo kubwa kuliko la kushoto, gari lenyewe limejengwa linataka kukata kushoto, dereva kazi yake ni kulizuia lisikate mapema. Ukikaa juu upande wa kona unaona yote hayo, sio kama rali ya Naivasha ambapo gari linapita mara moja unabaki na vumbi.

Tatizo la Iowa ni kwamba ukitoka Knoxville Jumamosi, kesho yake ukitaka zingine inabidi uende Huset's kule Brandon, South Dakota, wanakimbia Jumapili, uwanja mzuri sana lakini ni zaidi ya saa nne barabarani. Jackson kule Minnesota nako ni safari. Kwa mtu mwenye muda ni raha, kwa dereva wa trela ni kazi ya ziada isiyolipwa.

Indianapolis ni habari nyingine kabisa, kule wanakimbia bila bawa. Watu wanadhani ni kitu kidogo, ah, wapi. Lile bawa la juu lina kama mita mraba mbili na kitu, linaligandamiza gari chini, likiondolewa gari linateleza kiubavu kona nzima, matairi ya mbele yanaangalia kulia gari linaenda kushoto, na kupinduka ni kawaida. Una Bloomington wenye udongo mwekundu, una Lincoln Park kule Putnamville, Gas City, Kokomo, Lawrenceburg, na Julai wanafanya Indiana Sprint Week wanahama uwanja karibu kila usiku. Kama Attica ulichopenda ni yale mateleza, nenda Indianapolis usinisikilize mimi. Ila kama ulipenda kelele na mwendo kasi, bila bawa utaona kama wamepunguza gia.

Na Ohio, kaka, mbona unaidharau? Attica Ijumaa, Fremont Jumamosi, viwanja vya theluthi ya maili, 410 zote. Kwa mbio za kila wiki mimi naiweka ya pili, juu ya Iowa, na najua barua za matusi zitakuja. Shida yako ni kwamba Columbus iko kusini na viwanja viko kaskazini, kwa hiyo Harrisburg ikikataa usikimbilie Des Moines, tafuta chumba upande wa Tiffin huko uwe katikati ya vyote viwili.

SWALI: Mimi na mume wangu tuko Indiana na watoto wawili, mkubwa miaka 7. Baba watoto anataka kutupeleka Bloomington kwenye hizo gari. Ni sehemu ya watoto kweli au ni walevi tu? Nimeona video gari linabiringika nikakosa usingizi.
*Mama Wawili*

JIBU: Dada, bia ipo lakini watoto wamejaa, ni jambo la familia huko, mabibi wanakuja na mito ya kukalia na majina yao yameshonwa. Kitu cha kwanza ni masikio. Nunua vile vya kufunika sikio zima kwa watoto, vya sponji vinadondoka, na usiende bila hivyo hata mume akisema sio lazima. Cha pili usivae nyeupe. Udongo unaruka kweli, vipande vya ukubwa wa kidole gumba, ukikaa karibu na kona utarudi nyumbani na mchanga kwenye chipsi, kwa hiyo panda safu za juu upande wa straiti.

Kuhusu kubiringika, wengi wanatoka wanatembea kwa sababu ya ile fremu ya vyuma na mikanda, lakini nisikufiche, huu mchezo unaua, dereva Greg Hodnett alikufa kwa ajali ya mbio Pennsylvania mwaka 2018 na alikuwa mmoja wa wazoefu kabisa. Mwambie mkubwa mapema kwamba gari linaweza kupinduka, asishtuke. Watakachopenda zaidi watoto ni mwanzo, maana gari hizi hazina stata wala klachi, zinasukumwa na pikapu kwa nyuma mpaka injini ikohoe iwake. Na mbio zikiisha, viwanja vingi wanafungua kule yanakopakiwa magari, mnaenda mnamkuta dereva ana matope mpaka kwenye kope anasaini kofia za watoto. Beba maji ya kunawa.

SWALI: Ndugu, mimi niko Likoni, hizi mbio naziona vipande vipande tu kwenye simu. Naweza kuziona laivu? Saa ngapi kwetu?
*Shabiki wa Likoni*

JIBU: Unaweza, kwa kulipia. World of Outlaws wako kwenye huduma ya mtandaoni ya DIRTVision, na ule msafara wa madereva Kyle Larson na Brad Sweet, High Limit, uko FloRacing. Viwanja vya kila wiki vimegawanyika huku na huku, kwa hiyo ingia tovuti ya uwanja wenyewe kwanza uone wako upande gani kabla hujatoa hela, wengine hulipia mwezi mzima halafu wanagundua wamelipia kusiko.

Saa ndo mtihani. Wakati wa kiangazi chao Pennsylvania wako nyuma yetu saa 7 na Iowa saa 8. Mbio za Williams Grove zikianza Ijumaa saa moja na nusu usiku kwao, kwako ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Ushauri wangu lala, michujo achana nayo, weka alamu ya saa kumi na moja alfajiri, mara nyingi fainali ya 410 utaikuta.

Ukishindwa na usingizi kuna Australia, huko msimu wao ni Oktoba mpaka Aprili, na Januari kuna Grand Annual Sprintcar Classic pale Warrnambool, wanakimbia tangu 1973 na Wamarekani wengi wanakwenda kwa sababu kwao ni barafu. Warrnambool ikiwa saa moja usiku, Likoni ni saa tano asubuhi, na Perth ikiwa saa moja usiku kwako ni saa nane mchana. Hapo unaangalia huku unakula. Bando tu ndo uliandae, laivu ya saa nne inakula data vibaya, tafuta wa jirani mwenye waifai.