Panti zinablokiwa kila mechi? Anza na snepa

Kaka, umeuliza uanzie wapi na timu ya panti (ule mpira wa futiboli ya Kimarekani unaopigwa kwa mguu mbali kuwaachia wapinzani) hapo high school kwenu Ohio, maana msimu uliopita wapinzani walikuwa wanawablokia hovyo, yaani wanazuia mpira pale pale unapopigwa, na mechi zinaanza mwezi ujao. Mi nasaidia ukocha huku Texas, watu wengi wanakimbilia kumlaumu mpigaji wakati shida iko kwa snepa, yule anayerusha mpira nyuma kupitia miguuni. Mpigaji anasimama kama yadi 13 hivi nyuma yake, sasa chukua stopwochi, tangu mpira unatoka chini mpaka unapigwa isizidi sekunde 2.2, ukiona 2.5 basi hapo mnaomba Mungu tu. Sisi tulikuwa na dogo anarusha safi kabisa, siku ya mvua akampitishia mpigaji juu ya kichwa, toka hapo nachovya mipira kwenye ndoo ya maji kabla ya zoezi, wananicheka ila poa tu. Halafu tafuta snepa wa pili MAPEMA. Wale wenu wa mbele wakinge ndani kwanza, njia ya katikati ndo fupi kumfikia mpigaji, mpinzani anayetokea pembeni mwacheni azunguke. Kuukimbilia mpira ukishapigwa fundisha mwisho, hiyo madogo wanaipenda wenyewe.