Re: Mvua inasomba bustani yangu Mabatini

Mkuu, umeuliza kwa nini mchicha unadumaa kila baada ya mvua, na wapi upeleke watoto Jumapili. Udongo wa juu ndio wenye rutuba, nao ndio unaotangulia kuteremka ziwani. Panga mawe (Mwanza hatuyanunui!) kukingama mteremko, panda majani ya tembo kando yake, kisha tandaza nyasi kavu. Mimi tuta la kwanza niliacha wazi, mvua moja ikaondoka nalo. Magugu maji yanafaa kwa mboji, ila yakauke kabisa juani kwanza, maana kipande kibichi kikirudi majini kinachipua. Watoto wapeleke Saanane, kisiwa kilicho hapo ziwani, hifadhi ya taifa tangu 2013. Boti haichukui muda, na pimbi kwenye miamba watawachekesha.