Bado tuko ndani ya Pasaka

Ninyi wa gazeti mumetuuliza wiki hii: Pasaka imepita, sasa unaishije na imani ya Kristo mfufuka? Mimi nasema kwanza haijapita. Kanisa linatupatia siku 50, kutoka Pasaka mpaka Pentekoste, zinazidi hata zile 40 za Kwaresima. Lakini hapa kwetu Goma, mashariki ya Congo, Kwaresima tunaishika kweli kweli, Ijumaa njia ya msalaba watu wanajaa mpaka inje, kisha Jumatatu ya Pasaka ikipita kila mutu anarudilia mambo yake na hakuna anayeuliza tena. Inaniuma sana.

Mimi ninakaa na Yohana sura ya 20. Jioni ya Pasaka wanafunzi wamefunga milango ju ya woga, Yesu anaingia, wanamuona, wanafurahi. Siku nane zinapita, Tomaso naye sasa yuko, na milango ingali imefungwa! Wamekwisha kumuona na macho yao lakini bado wanajifungia. Na Yesu hawagombezi, anaingia tu, anasema tena Amani iwe kwenu, anamuonyesha Tomaso mikono na ubavu. Sisi ambao vita iliingia mjini Januari 2025, giza ikianza tu unatafuta watoto wote wako wapi, tunaelewa hiyo mlango. Alama za misumari zilibakia hata kwa mwili uliofufuka, kwa hiyo mahubiri ya kusema ukiamini machozi yanakauka leo leo mimi siyakubali. Mama aliyezika mtoto na anaimba Aleluya huku analia, imani yake ni nzima.

Woga inaweza kuwa ndani yako, ila si yenyewe inaamua tena. Hapo namfikiria Floribert Bwana Chui, kijana wa hapa hapa Goma, alikuwa anatumika kwa Office Congolais de Contrôle (ofisi ya serikali inayokagua bidhaa), watu wakamletea feza ili aachilie chakula kilichoharibika kipite, akakatala, wakamtesa wakamuua Julai 2007, akiwa na miaka 26. Alikuwa wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, alipenda maibobo, watoto wa barabarani, anawafundisha. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana kule Kinshasa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenye heri kule Roma. Ile chakula ingeliwa na watu hata hawajui jina lake! Mutu asiyeamini ufufuko anaweza kukatala rushwa pia, najua, lakini Floribert alikatala ju aliona maisha yake yako ndani ya Kristo, na feza haiwezi kununua hiyo.

Wengi wetu hatutaombwa damu. Tunaombwa kipimo cha haki kwa soko, kutosaini karatasi ya uongo, kumsalimia jirani tuliyekosana naye wakati wa vita ju alisema hivi au vile (hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kabisa, siku hizi). Kwa shirika yetu (jumuiya ndogo ya wakristo) tulipatana mpaka Pentekoste kila wiki tuingie nyumba moja yenye kilio ao mgonjwa, tunasoma Injili moja ya ufufuko, tunaimba, na mwenye iko na kaunga ao sabuni anaacha. Wamoja waliuliza tutaacha nini na feza haipatikane mjini. Tukasema basi tutaacha wimbo, lakini tutaingia.

Ningewaomba ninyi wa gazeti murudishe swali hili wiki ya Pentekoste, watu waseme wamefanya nini ndani ya zile siku 50.