Kuhema kwa Nguruwe: Joto la Oktoba au Homa?

SWALI: Ninafuga nguruwe tisa wilayani Kongwa. Tangu jana asubuhi jike mmoja hajagusa pumba wala mashudu ya alizeti, anahema, na ncha za masikio yake zimekuwa nyekundu. Jirani yangu, mfugaji wa siku nyingi, anasema ni joto tu la Oktoba, na mwenye bucha yuko tayari kumchukua leo. Nitajuaje kama anaumwa kweli?
Mfugaji, Kongwa

JIBU: Ndugu mfugaji, nakusihi usimuuze wala usimchinje kabla hajachunguzwa. Jirani yako hakukosea kutaja joto, kwa kuwa nguruwe hana jasho la kutosha kuupoza mwili wake, na jua la kwetu kabla ya mvua humlazimu kuhema. Hata hivyo, aliyezidiwa na joto hupata nafuu akipewa kivuli, maji ya kunywa na sakafu iliyoloweshwa, na jua likishazama huinuka akala. Wako amepitisha usiku mzima wenye ubaridi bila kula, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko masikio yake.

Mpime joto alfajiri, kabla banda halijapata moto. Paka mafuta kipimajoto, kifunge uzi, ukiingize taratibu katika njia ya haja kubwa na ukiache kwa dakika mbili au tatu. Nguruwe mzima huwa na joto la nyuzi 39 hivi, likipanda au kushuka kwa nusu nyuzi. Likipita 40 saa hiyo ya ubaridi, ichukulie kuwa ni homa. Hesabu pia pumzi kwa kutazama ubavu akiwa amelala: nguruwe mkubwa aliyepumzika huvuta pumzi kati ya 10 na 20 kwa dakika.

Wafugaji wengi huangalia mkia uliojikunja, nami siupuuzi, lakini ninaliamini zaidi hori. Nguruwe mwenye afya husikia ndoo akaja mbio, akagombania nafasi, macho yake yakiwa angavu, pua ikiwa na unyevunyevu na mavi yakiwa yameshikana bila kuwa makavu. Anayebaki pembeni wenzake wanapokula tayari amekwisha kukupa taarifa.

Ninachokihofia ni homa ya nguruwe ya Afrika. Huanza kwa homa kali na kukataa chakula, kisha wekundu wa masikio, tumbo na miguu hugeuka kuwa wa zambarau. Wengine hutapika, huharisha damu au huyumba, na wengine hufa ghafla kabla dalili yoyote haijaonekana. Hauna tiba. Haumwambukizi binadamu, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba kuuza nyama hakuna madhara, ilhali virusi hudumu ndani ya nyama na damu, na mabaki ya jikoni yasiyochemshwa yakitupwa katika banda jingine ugonjwa huanza upya. Ngiri na papasi nao huuhifadhi.

Sisemi kwamba nguruwe wako anao. Upo ugonjwa wa bakteria unaoleta homa na mabaka mekundu yenye umbo la almasi, nao hutibika kwa penisilini ukiwahiwa. Kutofautisha magonjwa haya kwa uhakika kunahitaji daktari wa mifugo na vipimo vya maabara, kwa hiyo usimchome sindano kwa kubahatisha.

Mpigie simu leo afisa mifugo wa kata. Mtenge jike huyo, ahudumiwe na mtu mmoja mwenye viatu visivyotoka bandani, na mgeni yeyote asiingie, hata jirani yako. Akifa, usimpasue, afukiwe katika shimo refu baada ya afisa kumwona. Wanane waliobaki wapime asubuhi na jioni ukiandika joto la kila mmoja, kwa sababu jambo la kwanza atakalouliza afisa ni nani aliugua na siku gani.