Ndege ya rimoti ya bawa juu bawa chini: yakubalishe mabawa kwanza, mengine baadaye

Vijana wengi siku hizi wananiuliza habari ya ndege za rimoti za kujiundia, zile za mbao zinazokuja kwenye boksi vipande vipande, na karibu wote wanaitaka ile ya kizamani yenye bawa juu na bawa chini manake ndio inayopendeza macho. Siwalaumu hata kidogo, mimi pia ndio naipenda kuliko zote. Lakini kabla hujatoa pesa yako ndugu yangu sikiza hili: kazi yote ya ndege hii iko kwenye kuyakubalisha yale mabawa mawili. Mota utanunua, betri utanunua, rimoti utanunua, lakini mabawa kukubaliana hakuuzwi dukani, hapo ni wewe na uzi na rula na subira yako.

Zamani hawakujenga hivi kwa urembo. Bawa jembamba la mbao na kitambaa likiwa peke yake halina nguvu, ila ukiweka mawili ukasimamisha nguzo kati yake ukavuta waya za mshazari, unapata boksi moja gumu na bado jepesi, ndio maana hata ile ya ndugu wawili Wright iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa hivyo. Na huku kwetu pia ndizo zilizotangulia, kampuni ya ndege ya Wilson Airways ilipoanza Nairobi 1929 ilianza na Gipsy Moth, na yule mwindaji wa Kiingereza Denys Finch Hatton aliyekuwa na nyumba pale Takaungu alikuwa na Gipsy Moth yake mwenyewe mpaka ikaanguka naye Voi 1931. Kwa hiyo ukiiunda hii unaunda kitu chenye historia ya pwani hii hii.

Seti ninayowaambia watu wachukue ni ya Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza 1931. Chukua yenye bawa la mita moja na robo mpaka mita moja na nusu hivi kutoka ncha mpaka ncha, ndogo kuliko hapo upepo wetu utaichezea, kubwa kuliko hapo haiingii kwenye tuktuk, na hakikisha mabawa yanafunguka kwa skrubu, usije ukaunda kitu kizuri halafu hakitoki mlangoni. Na kama hujawahi kurusha chochote, anza na ya foamu yenye bawa moja juu, ujifunze mkono kwanza. Hilo silizungushi.

Kabla ya kuagiza ongea na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kuna kanuni za 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, zinagusa kuingiza nchini, kumiliki na kurusha, kuna kikomo cha kupanda juu futi 400 na kuna umbali wa kukaa na viwanja vya ndege, na sisi Malindi uwanja wetu wa ndege uko hapa hapa mjini, kwa hiyo habari ya kurushia uwanja wa mpira nyuma ya nyumba isahau. Uliza, upate idhini, ndio ulipie mzigo.

Mzigo ukifika usikimbilie gundi. Vipande vingi ni balsa, mti mwepesi sana wa Amerika ya Kusini, vimekatwa kwa leza na vinaingiana vizuri, lakini balsa inakunywa unyevu na hewa yetu ya bahari ndio unyevu wenyewe, ukiacha mbao zimeegemea ukuta mwezi mzima utazikuta zimepinda. Zilaze bapa zimekandamizwa na kitu kizito kilichonyooka mpaka siku ya kuzitumia. Meza yako pia iwe imenyooka, mimi natumia kioo cha dirisha na juu yake kipande cha jipsamu ya dari manake kinakubali pini.

Gundi nazo huku zina tabia yake. Supaglu inakauka kwa unyevu wa hewa, so hapa inashika haraka kuliko maelezo yanavyosema na chupa ukiiacha wazi inaganda yote, iweke ndani ya kopo lenye mfuniko kwenye friji mbali na watoto, na ukiitoa subiri ipate joto la chumba kabla hujafungua, la sivyo maji ya baridi yanaingia chupani. Epoksi ile ya dakika 30 kwa joto letu haikupi 30, changanya kidogo kidogo. Gundi nyeupe ya seremala ni kinyume, siku za mvua inachelewa, iache mpaka kesho yake bila kuigusa.

Mkia ujenge mwepesi, mwepesi kabisa. Ndege hizi pua ni fupi na mkia ni mrefu, gramu moja ukiizidisha mkiani itakudai gramu mbili tatu puani ili ikae sawa, kwa hiyo huko nyuma gundi ni tone, msasa upige vizuri, na usibadilishe balsa kwa plaiwudi ati iwe imara.

Haya, tuje kwenye mabawa yenyewe, na hapa naomba usome taratibu.

Anza na la chini. Lifunge kwa skrubu zake kwenye bodi, hakuna gundi. Weka ndege mezani, inua mkia mpaka bodi ilale sawa, tumia pima maji kwenye ule mstari ulioonyeshwa kwenye mchoro, halafu ikaze na vipande vya mbao isitikisike. Sasa chukua uzi usiovutika. Chomeka pini katikati ya mkia pale usukani unapokaa, funga uzi hapo, uvute mpaka ncha ya bawa la kulia, tia alama ya kalamu kwenye uzi, halafu uzi ule ule upeleke ncha ya kushoto. Alama ikiangukia pale pale bawa limekaa mraba, isipoangukia legeza skrubu, sukuma bawa kidogo, pima tena. Hii nimefundishwa na ami yangu fundi wa majahazi, yeye chombo kizima anakipima kwa uzi na jicho bila karatasi hata moja, na alipoiona ndege mezani swali lake la kwanza lilikuwa "uzi uko wapi?" kabla hata ya kuuliza itaruka vipi.

Likishakubali la chini ndio unasimamisha zile nguzo fupi za katikati zinazobeba bawa la juu. Kwenye Tiger Moth utaona zimesogezwa mbele na mabawa yamerudi nyuma kidogo kwenye ncha, usidhani seti imekosewa, ile halisi ilifanywa hivyo makusudi ili aliyekaa kiti cha mbele aweze kutoka na parashuti bila kugota bawa lililo juu ya kichwa chake, halafu mabawa yakarudishwa nyuma ili uzito usiharibike. Kwa hiyo fuata mchoro, usinyooshe kwa akili yako.

Nguzo hizo usizigandishe bado. Zibane na vibanio vya nguo, laza bawa la juu, rudia uzi kutoka mkiani mpaka ncha zake zote mbili. Halafu nenda mbele ya ndege, kaa kitako, jicho liwe usawa na mabawa, funga jicho moja uangalie nafasi kati ya la juu na la chini. Kwenye Tiger Moth la chini limeinuka ncha kuliko la juu, so usitafute yawe sambamba, unachotafuta ni kulia kufanane na kushoto. Jicho likitosheka leta rula, pima nafasi hiyo pale nguzo za pembeni zitakapokaa, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Kisha pembe: pima kutoka mezani mpaka ukingo wa mbele wa bawa, pima tena mpaka ukingo wa nyuma, fanya hivyo karibu na bodi na tena karibu na ncha, kwa mabawa yote, ulinganishe na mchoro.

Kwa nini nasumbua watu na pembe? Kwa sababu tofauti ya digrii moja tu kati ya la juu na la chini ukiwa mezani huioni, ila hewani unakuta ukiongeza mota pua inapanda ukipunguza inazama na wewe kazi yako ni kupigana na rimoti tu. Na bawa likiwa limejipinda upande mmoja ndio mbaya zaidi manake kwenye mwendo linatulia, halafu unapopunguza kasi ili utue ndege inalala upande ghafla na chini ni karibu. Michoro mizuri huwa imepangwa lile bawa la mbele ndilo lichoke kwanza, yaani liache kubeba, ikipungua kasi, ili pua ishuke yenyewe na ndege ipate mwendo tena, ukiharibu pembe umeuondoa huo usalama.

Vipimo vyote vikikubali, hapo ndio epoksi kwenye nguzo za katikati, na usiende kulala, pima tena kabla haijakauka.

Nguzo za pembeni zina kanuni moja: ziingie zenyewe. Ukijikuta unalisukuma bawa kwa kidole gumba ili nguzo ifike kwenye tundu lake, simama hapo hapo, hiyo nguzo inaenda kulipinda bawa na litabaki limepinda siku zote. Bora uipunguze kwa msasa au uongeze kipande. Waya vilevile, seti nyingi za saizi hii waya ni sura tu na mabawa yanajibeba, soma mchoro uhakikishe, na kama ni za sura mshipi wa kuvulia unatosha kabisa, uvute mpaka unyooke basi, usiupige ukalia.

Plastiki ya kufunikia, ile ya kubandika kwa pasi, jaribu joto la pasi kwenye kipande cha kutupa kwanza. Rangi za giza jua letu linazichemsha na plastiki inalegea mikunjo, njano inafaa na ndio rangi ya Tiger Moth nyingi za mafunzo. Chini ya mabawa weka mistari mipana ya rangi nyingine ili ukiiona mbali ujue imegeuka wapi. Ukimaliza kufunika rudia kuangalia kama bawa limejipinda, manake plastiki ikivutika inavuta na mbao, likipinda linyooshe kwa mkono huku unalipitishia pasi mpaka lipoe.

Vyombo vya umeme sina maneno mengi, fuata maelezo yake. Mawili tu: ukiwa unasetia mota nyumbani propela iwe imetolewa, hii sio ya kubishana, na risiva, kile kifaa ndani ya ndege kinachopokea rimoti, uiambie rimoti ikipotea mota izime. Eleroni, vile vipande vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege upande, kwenye Tiger Moth ziko bawa la chini tu na pua huelekea upande wa kinyume ukizitumia peke yake, kwa hiyo zisetie zipande juu zaidi kuliko zinavyoshuka, na ujizoeze kugeuza kwa usukani pamoja nazo.

Uzito upime kwa kuining'iniza. Pitisha uzi kwenye bawa la juu pale mchoro ulipoonyesha, betri ikiwa ndani, uinue: pua iwe sawa au chini kidogo, kamwe isiwe mkia chini. Sogeza betri mbele kwanza, ikikataa bado ndio utie madini ya risasi puani, na risasi hatuna shida nayo hapa, chubwi za wavuvi ziko, ila zifunge zisichomoke.

Kurusha sasa. Usiende mdomoni mwa Sabaki, pale kuna heroe na ndege wengine wengi na si haki kuwatimua. Pitiliza mto, kuelekea Mambrui na mbele ya Gongoni kuna sehemu tambarare na watu wachache, omba ruhusa kwa wenyewe. Ufuo nao ni mzuri maji yakipwa, sanasana siku za bamvua, mchanga unakuwa mgumu na mpana. Angalia msimu: kusi ikishika Juni na Julai acha ndege nyumbani, mabawa mawili yanakamata upepo mara mbili. Subiri matanga mbili, kusi imechoka na kaskazi haijaanza, na hata hapo nenda ukishaswali alfajiri kabla jua halijaamsha upepo wa baharini. Ukiondoka vuta eleveta, kile kipande cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua, kidogo juu mkia usinyanyuke mapema, mota ongeza taratibu, la sivyo inapiga pua. Ukitua usikate mota ukiwa juu, ndege hii ina mabawa na nguzo na waya zote zinaburuta hewa, mota ikizima inashuka haraka kuliko unavyotegemea, shuka nayo ikiwa inavuta kidogo mpaka magurudumu yaguse.

Ukirudi nyumbani ifute yote kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya bomba, puliza mchanga kwenye mota, tone la mafuta kwenye beringi, chumvi ya hewani inakula vyuma hata kama haujagusa maji. Betri usiiache kwenye gari juani wala usiiweke imejaa wiki nzima, ishushe mpaka volti 3.8 kwa kila seli, uichaji kufika 4.2 siku ile ile unayokwenda kurusha, na uichaji ukiwa upo, juu ya kigae au simiti, sio kitandani.