Picha za bahari zisizo na hisia

SWALI: Hupiga picha ufukweni Nyali, Mombasa, alfajiri nikitaka zionyeshe upweke, lakini hutoka kama kadi za watalii. Nakosea wapi? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Huenda unangoja jua litoke. Rangi ya chungwa huchangamsha, nawe wataka upweke. Fika saa 11:15 alfajiri, kwa kuwa huku karibu na ikweta mwanga wa buluu wa kabla ya jua kuchomoza haudumu, hata nusu saa ni nyingi.

Weka kamera kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu), ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 2 hadi 4. Mawimbi yatalainika kama ukungu na kelele ya bahari itatoweka pichani. Ukitaka hasira badala ya upweke, ngoja mwanga uongezeke upige kwa shata ya 1/500 ya sekunde, tone moja moja lionekane.

Usiache kamera ijichagulie rangi: itaona buluu ni kasoro na kuisawazisha, na hisia yote iende nayo. Kwenye mpangilio wa rangi wa kamera (white balance), chagua "mwanga wa mchana" (Daylight).

Kisha punguza vitu. Ngalawa moja iliyotia nanga, ndogo, pembeni, na mbingu robo tatu ya fremu. Hiyo yatosha kabisa. Mnazi, ngamia na ngalawa pamoja ndiyo kadi yenyewe.

Picha nzima ikitoka na ukungu, si mawimbi tu, huenda tripodi imezama mchangani wimbi liliporudi. Ididimize kwanza kwa nguvu, upige kati ya mawimbi. Chumvi kwenye lenzi pia huleta weupe. Ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu.